Leta inatuuliza sisi ni nani. Na yenyewe je?

Vijana wenzetu wa Beni, wa Butembo, wa Kongo nzima,

Juma lililopita wenzetu watatu walikuwa wanarudi Beni kutoka Oicha, juu ya moto moja, jua linaanza kuzama. Kwenye barieri wakasimamishwa. Shukeni. Karte. Wa kwanza akatoa yake, ikasomeka kidogo, akapita. Wawili wengine wakatoa zao: nyeupe. Picha imekwenda, jina limekwenda, imebaki rangi ya bendera na kivuli cha kichwa cha mtu asiyejulikana. Mwenye bunduki akazigeuza mbele na nyuma, akacheka.

«Hii njo karte? Hii ni karatasi. Nitajua aje kama wewe si ADF?»

Walitoa franka elfu tano kila mmoja wakapita. Hatutaji barieri ile, maana ziko nyingi na desturi ni moja. Ukiwa na pesa, wewe ni Mukongomani. Ukikosa, wewe ni mtu wa pori.

Tuangalie vizuri kitu kilichotokea hapo. Karte hizo hatukuzichonga nyumbani. Tulizipewa na Leta yenyewe, mwaka wa 2023, kisha kupanga mustari, kutoa vidole kumi na kupigwa picha. Wino wa Leta ukafutika ndani ya mifuko yetu. Na sasa mtumishi wa Leta ileile anatulipisha juu ya ule wino. Kama ni duka, tungelirudisha bidhaa. Leta hairudishiwi bidhaa.

Tunaandika tangazo hili kwa sababu tukielekea 2028 kuna sauti zinazopanda, na zingine ziko kati yetu sisi wenyewe, zinasema: dawa ya wizi wa kura ni sheria kali ya kitambulisho. Asiye na kitambulisho safi asichague. Asiye na cheti cha kuzaliwa asiandikwe. Mashahidi wafutwe. Wengi wanaosema hivyo ni watu wa nia njema, wamechoka kama sisi. Lakini tunafikiri wanamtafuta mwizi katika chumba ambamo hakuingia.

Kwanza tukumbushane tuko wapi. Kongo haina kitambulisho cha taifa mikononi mwa wanainchi. Sensa ya mwisho ilifanywa mwaka wa 1984, wakati inchi iliitwa Zaire na sisi wote tunaoandika hapa hatujazaliwa. Kwa hiyo karte ya mchaguzi, ile ya sheria ya tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka wa 2004, imebeba kazi zote: kuchagua, kununua simkadi, kutoa pesa benki, kusafiri, kupita barieri. Kila dosie ya kuomba kazi inataka fotokopi yake. Tuko wengi hapa wenye diplome za chuo kikuu tunaopeleka fotokopi ya karatasi nyeupe, ikifuatana na barua nzuri ya kuomba kazi. Mtu wa ofisi anauliza: sasa huyu ni nani? Hata sisi tunabaki tunajiuliza.

Na si mara ya kwanza tunaambiwa kwamba kabla ya kuchagua ni sherti kwanza tujulikane. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2015 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya sheria ya uchaguzi. Ndani yake mulikuwa maneno machache katika kifungu cha 8, yaliyofunga orodha ya wachaguzi kwenye hesabu ya watu wote wa inchi. Maneno mazuri kabisa. Nani anaweza kukataa sensa? Lakini katika inchi isiyo na sensa toka 1984, isiyo na barabara, yenye vita upande wetu huu, kila mtu alielewa maana yake: raisi wa wakati ule angebaki mpaka mtoto wa mwisho wa Bas-Uele ahesabiwe. Tarehe 19 vijana wakatoka Kinshasa, Goma, Bukavu. Makumi wakauawa. Intaneti ikakatwa. Mwishoni maneno yale yakaondolewa, na tulifikiri tumeshinda.

Tulishinda neno, tukashindwa kalenda. Muhula wa Joseph Kabila uliisha tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka wa 2016, uchaguzi haukufanyika. Sababu? Orodha haijakuwa tayari. Kuandika wachaguzi kulianza Nord-Ubangi katikati ya 2016 na kukaendelea mpaka mwanzo wa 2018. Miaka miwili ya ziada katika kiti, na kila mara mtu alipouliza, jibu lilikuwa heshima tupu: tunataka tuwatambue vizuri, wandugu, muwe na subira.

Sasa tuseme juu ya 2018, maana hapo sisi wa Beni tulisoma somo ambalo hakuna chuo kikuu kinalifundisha.

Orodha ilitoka na majina zaidi ya milioni 46. CENI ikasafisha: ikafuta zaidi ya milioni tano ya walioandikwa mara mbili, na karibu laki tisa ya watoto. Ikabaki milioni 40 na kitu. Wataalamu wa OIF wakakagua, wakakuta asilimia 16.6 ya hao hawana alama za vidole. Hiyo ni zaidi ya watu milioni sita bila kidole hata kimoja. CENI ikasema ni makosa ya waandikishaji, watu ni wa kweli. Inawezekana. Kuna mama wengi ambao jembe limekula alama zao, na kuna waandikishaji waliochoka saa kumi jioni wakaruka hatua. Lakini unapoomba mtu akuamini juu ya milioni sita, unahitaji kuwa na jina jema, na jina jema halikuwapo.

Sisi wa Beni karte zetu zilikuwa safi. Tunataka hilo lieleweke. Wengi wetu tulikuwa na miaka 18 ao 19, ilikuwa mara yetu ya kwanza, karte mpya, picha inaonekana mpaka kovu la paji la uso. Vidole vyote vimo. Halafu tarehe 26 mwezi wa 12, siku nne kabla ya kuchagua, CENI ikatangaza: Beni, Butembo na Yumbi hawachagui sasa. Watachagua mwezi wa tatu. Kwetu sababu ni Ebola na usalama.

Ebola ilikuwapo, ilitulia watu, hatuichezei. Lakini soko lilikuwa wazi. Kanisa lilikuwa wazi, Krismasi ya siku ile ya kabla yake tulisali bega kwa bega. Ni kwenye sanduku la kura tu ndipo ugonjwa ulikuwa wa hatari.

Tarehe 30 tulichagua hata hivyo. Wanaokumbuka wanakumbuka: watu walipanga mustari toka asubuhi, wakinawa mikono kabla ya kuingia, karatasi za kura tulizitengeneza sisi wenyewe, tukahesabu mbele ya wote. Hakuna aliyekuwa na mashine. Hakuna aliyepigana. Tulitaka kuonyesha kwamba inawezekana, na iliwezekana.

Kisha tarehe 20 mwezi wa kwanza 2019 Mahakama ya Katiba ikathibitisha: Félix Tshisekedi 38.57, Martin Fayulu 34.83. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi elfu arobaini, walikuwa wamesema hesabu zao zinaonyesha mshindi wazi, na matokeo ya CENI hayalingani nazo. CENI haikutoa matokeo biro kwa biro ili tuamue wenyewe. Tarehe 24 raisi akaapa. Na sisi? Tarehe 31 mwezi wa tatu tukaitwa kuchagua madepite. Kura ya raisi ilikwisha bila sisi, zaidi ya watu milioni moja wenye karte halali mfukoni.

Ndugu zetu mnaotaka sheria kali, hapo ndipo tunawangoja na jibu. Kitambulisho gani kingetusaidia siku ile? Chipu? Macho kupigwa picha? Tulikuwa tumetambuliwa kabisa. Walijua sisi ni nani na tuko wangapi, na tunafikiri ni kwa sababu walijua vizuri ndiyo maana hatukuchagua.

Halafu angalia mtu aliyesimamia orodha ile na kutangaza matokeo yale. Corneille Nangaa, mkubwa wa CENI. Mwezi wa tatu 2019 Marekani ikamwekea vikwazo juu ya rushwa. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023 akatokea Nairobi kuanzisha AFC, na mwezi wa kwanza 2025 watu wake wa AFC/M23 wakaingia Goma. Yule aliyekuwa anatuambia tumwamini na vidole vyetu kumi, leo ana mji mzima mkononi kwa nguvu ya silaha. Hatusemi kila mkubwa wa CENI atakuwa mwasi. Tunasema tu kwamba vidole vyetu viliwekwa katika mikono ile, na hakuna mtu aliyetuomba radhi.

Mwaka wa 2023 tuliambiwa sasa ni timu nyingine, mambo yamebadilika. Upande wetu kuandikwa kulianza tarehe 16 mwezi wa pili. Katika kituo kimoja hapa mjini (hatukitaji) watu walilala inje, jeto za mustari zikauzwa, kifaa kikizima wanangoja mtu wa kukitengeneza mpaka kesho yake. Tulivumilia. Mwezi wa tano wataalamu waliochaguliwa na CENI yenyewe wakakagua orodha yote ya karibu milioni 44 kwa muda usiofika juma moja. Tulikaa tukafanya hesabu kwa simu: hata ukiwapa siku saba kamili, mchana na usiku bila kula, ni majina zaidi ya sabini kila sekunde. Tunajua, tunajua, ukaguzi hausomi jina moja moja, kuna programu, kuna sampuli. Tumesoma takwimu pia. Lakini mkaguzi anayechaguliwa na mkaguliwa, anayemaliza mbio namna hiyo na kusema kila kitu ni sawa, hata akiwa mkweli amejiharibia mwenyewe. Na upinzani ulipotaka kuandamana Kinshasa tarehe 20 ya mwezi uleule, ulipigwa.

Kisha karte zikaanza kufutika. CENI ikakubali tatizo, ikaanza kutoa duplikata, na ikasema mwenye karte isiyosomeka atachagua ikiwa jina lake limo ndani ya orodha. Hapo tunaipa haki yake, ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini ona maana yake: siku moja ndani ya miaka mitano karte nyeupe inatosha, siku nyingine zote ni ya kutozwa.

Na wizi wa 2023 ulipita wapi? Hili hatulisemi sisi, ilisema CENI yenyewe, mwezi wa kwanza 2024. Ilifuta kura za wakandidati 82, kati yao mawaziri na magavana, na kufuta uchaguzi wote wa madepite katika Masimanimba na Yakoma. Sababu zilizotajwa: rushwa, kujaza masanduku, vitisho kwa watumishi, na kushika mashine za kuchagua bila haki. Mashine za kuchagua, wandugu, mikononi mwa watu binafsi. Mama muuza ndizi wa soko hakuwa na mashine ya kura chini ya kitanda. Mkimbizi wa Eringeti aliyeandikwa kwa ushahidi wa majirani hakuwa nayo. Walikuwa nayo watu wenye kitambulisho kizuri kuliko sisi wote, wenye pasporti ya kidiplomasia na plaki ya serikali kwenye jeep.

Mtu atasema: basi tungoje kitambulisho cha taifa, kitamaliza yote. Tulikingoja. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 2023, siku ya uhuru, raisi alipokea cha kwanza mbele ya kamera. Mkataba ulihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka wa 2024 ukavunjwa. Sisi hapa Beni tunamjua mtu mmoja tu mwenye kitambulisho kile, na tunamjua kwa televizyo.

Sasa tufike kwenye neno gumu, lile linalosemwa kwa sauti ya chini. «Wageni wameandikwa. Warwanda wana karte zetu.» Tulilisikia nyumbani, tunalisikia kwenye vikundi vya WhatsApp, na wengine kati yetu tumelisema. Ni kweli karte ziliuzwa mahali fulani, ni kweli watoto waliandikwa, ni kweli jirani anaweza kushuhudia uongo kwa bei ya kreti ya bia. Sisi tunaishi na vita, hatuna haja ya kufundishwa hatari yake. Lakini tumeona pia jinsi neno hili linavyofanya kazi likishuka barabarani. Linaacha orodha, linaanza kuangalia pua. Mwanafunzi mwenzetu wa Rutshuru, ambaye babu yake amezikwa Bwisha, anaulizwa barierini maswali ambayo mwingine haulizwi, hata akiwa na karte inayosomeka. Sheria ya uraia ya 2004 ni wazi: makabila yaliyokuwa katika inchi hii wakati wa uhuru ni Wakongomani. Anayetaka kusafisha orodha asafishe orodha, kwa karatasi, kwa mashtaka, mahakamani, jina na sababu. Anayetaka kusafisha watu kwa kuangalia sura asitumie jina la harakati yetu, hata akiwa rafiki yetu.

Na sheria kali ingemfunga nani? Si mgeni mwenye pesa, huyo atanunua cheti cha kuzaliwa kama alivyonunua karte. Ingemfunga mama aliyekimbia Mbau usiku na watoto wanne na kitenge kimoja. Nyumba imeungua na karatasi zote. Shefu wake wa kijiji ameuawa, anayeweza kumshuhudia yuko Mambasa ao Bunia ao hajulikani. Watoto wake hawajaandikwa kwenye ofisi ya serikali, kama watoto wengi sana wa mashamba ya huku. Ukifuta mashahidi umemfuta yeye. ADF walimfukuza nyumbani, na sisi tutamfukuza kwenye mustari, tukisema ni juu ya usafi wa uchaguzi.

Hatukatai kutambuliwa. Tunataka kutambuliwa kuliko mtu yeyote, maana sisi ndio tunaolipa barierini. Tunakataa tu kwamba upande mmoja uonyeshe karatasi na mwingine ufiche zake. Matokeo ya kila biro, pamoja na picha ya PV iliyosainiwa na mashahidi wa wakandidati, yatoke yote kabla mahakama haijakaa, si nusu, si kisha mwaka. Orodha ya wachaguzi ibandikwe kila kartie mapema, majirani wasome, wapinge kwa maandishi. Ukaguzi ufanywe na watu ambao mkaguliwa hakuwachagua, na wapewe muda wa kufanya kazi ya kweli. Karte zilizofutika zibadilishwe bure, kila mahali, si mjini tu. Mpaka siku hiyo, itolewe amri ya maandishi kwa barieri zote: karte ya 2023 iliyofutika si kosa la mwenye kuibeba. Tuko chini ya état de siège toka mwezi wa 5 mwaka wa 2021, wakubwa wetu hapa ni wanajeshi na polisi, amri kama hiyo inahitaji sahihi moja na asubuhi moja. Tumeomba kwa mdomo. Sasa tunaomba kwa maandishi.

Na wenzetu wa Goma, Bukavu, Rutshuru, Masisi: Rutshuru na Masisi hawakuchagua hata 2023. Yeyote anayezungumza 2028 bila kusema hawa wataandikwa wapi, na nani, chini ya bendera gani, huyo anatayarisha Beni nyingine ya 2018, kubwa zaidi. Na wanaotaka kwanza kubadilisha Katiba, toka hotuba ile ya Kisangani ya mwezi wa 10 mwaka wa 2024, watuambie: kura ya maoni hiyo itachaguliwa kwa karte gani? Hizi nyeupe?

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunakutana pa makutano yetu ya kila siku. Kila mmoja alete fotokopi mbili za karte yake, hata kama haionyeshi kitu. Hasa kama haionyeshi kitu. Nyuma ya fotokopi andika jina lako kwa mkono, kartie yako, na kama umelipishwa kwenye barieri andika mara ngapi na kiasi gani. Usiandike jina la askari, hatutafuti kichwa cha mtu. Moja tutaipeleka meri pamoja na barua, nyingine tutaihifadhi sisi.

Karte yenyewe usimwachie mtu, hata mmoja wetu. Tutakwenda kwa mguu, kimya, wawili wawili. Wenye kutoka mbali, Oicha na Mangina, mupande moto mapema na mutembee kwa kundi. Na kama mutasimamishwa njiani juu ya karte, mutupigie simu mbele ya kulipa.